Mikwaruzo Niliyoijaza

Kwa miaka thelathini na miwili kazi yangu ilikuwa kufuta. Mume wangu alipiga picha, mimi nikafuta. Nilikaa kwenye kistuli kando ya dirisha la studio yetu, nina brashi nyembamba kama unyusi, na wino kwenye kisahani, nikaziba kila kidoa kilichoachwa na vumbi, kila mkwaruzo wa filamu, na chunusi za mabibi harusi waliolia kwamba zimewatoka siku mbaya. Wateja waliniita Mama Kifutio. Mume wangu, ambaye wao walimwita Mzee Picha tangu hajaota mvi hata moja, alikuwa akiwaambia, "Msimkaribie sana huyu, atawafuta na pua."

Ninalitanguliza hili ili ieleweke kwamba mkono wangu haukukosea kwa kutoijua kazi. Ulikosea kwa kuijua mno.

Studio tuliifunga watu walipoanza kujipiga wenyewe kwa simu. Tuliuza taa, tukauza pazia lililochorwa maporomoko ya maji, tukabaki na kamera moja, ile ya kwanza kabisa, ya chuma, nzito kiasi kwamba ukiiangusha mguuni utamwita mama yako hata kama amefariki. Rangi yake nyeusi ilikuwa imelika pale alipoishika miaka yote ile: pembe mbili za juu, karibu na kitufe cha kupigia, na kwenye ringi za lenzi. Chini ya rangi kulikuwa na shaba, na shaba hiyo iling'aa manjano kwa kusuguliwa na vidole vyake. Alipoitoa kwenye mkoba kuipangusa, nami nilikuwa nikimtania, "Umemaliza kuila?" Naye akijibu, "Bado sehemu ya chini."

Jumamosi moja asubuhi alikuja mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya mtaa wetu. Alikuja na viatu mkononi kwa ajili ya tope, akavivaa mlangoni ndipo akabisha hodi, kana kwamba hatukumwona dirishani.

"Mzee Picha," alisema kabla hajakaa vizuri, "nastaafu muhula huu ukiisha. Nataka picha ya walimu wote, mbele ya darasa la kwanza. Na nataka ya kamera, sitaki ya simu."

"Simu zina kosa gani?" mume wangu aliuliza.

"Za simu ninazo elfu mbili, na sijui kama kuna hata moja niliyoitazama mara ya pili. Picha yangu ya kwanza ya ualimu ulinipiga wewe. Koti langu lilikuwa limechanika kwapani, ukavua lako ukanivika. Au umesahau?"

"Sijasahau. Lilikufika magotini."

"Basi na ya mwisho nipige wewe."

Mume wangu aligeuza uso kuelekea dirishani. Mimi nilidhani ni furaha. Miaka sita ilikuwa imepita bila mtu kumwita kazini. Kisha akauliza wako wangapi.

"Walimu kumi na tisa pamoja nami, na mpishi, na mlinzi."

"Ishirini na mmoja. Safu mbili. Hatua nane," alisema, tayari akipima kichwani.

Kuanzia siku ile alibadilika. Alinyoa ndevu bila kuambiwa. Niliporudi kutoka kuanika nguo nilimkuta uani akitembea kutoka ukutani, hatua ndefu zinazolingana, akihesabu kwa sauti ndogo. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Hakupima umbali kwa jicho, alitembea. Alisimamisha watu, akaanza kutoka miguuni kwao akahesabu hatua kwenda nyuma, kisha akaiweka ringi ya lenzi kwenye namba ya hatua zile. "Jicho linadanganya," alizoea kusema, "mguu haujui kudanganya."

Jumapili akaja kijana wetu wa kwanza. Ni mtoto mwema. Paa letu lilipovuja alipanda mwenyewe na shati la kazini. Lakini mdomo wake huutanguliza mbele ya akili. Aliiona kamera mezani akaishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

"Baba, utasimama mbele za walimu na hili kopo? Watadhani umeliokota jalalani."

"Kopo hilo ndilo lililokusomesha," mume wangu alimwambia.

"Ndiyo maana sikupata daraja la kwanza. Nimesomeshwa na kopo."

Tulicheka sote watatu. Mume wangu alicheka zaidi yetu. Lakini lile neno jalalani lilinikaa. Usiku ule na kesho yake nilikuwa nikimwona mbele ya walimu wale vijana, na simu zao nyembamba, wakigusana viwiko. Nikasema moyoni, hapana, huyu hatachekwa mimi nikiwa hai.

Jumatatu akaniambia anakwenda kwa dada yake. "Amenipigia, goti linamsumbua. Siku nne tu, nitarudi Ijumaa." Nilimfungia nguo zake, nikampa na chupa ya dawa ya kuchua ampelekee wifi yangu. Goti la wifi yangu halikuwa na neno lolote. Nyumba yake ipo karibu na hospitali ya macho, na kila asubuhi katika siku zile nne alimshika kaka yake mkono akampeleka huko, na mimi nikaambiwa kwenye simu kwamba goti linaendelea vizuri. Simlaumu. Alimficha aliyemwomba afichwe. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani nikiona fursa.

Kamera aliiacha juu ya kabati.

Jirani yetu ni fundi wa kupaka rangi magari na majokofu. Jina lake mtaani ni Rangi Mbili, kwa sababu zamani alipaka gari la mtu, milango ya kushoto ikatoka nyekundu na ya kulia ikatoka nyekundu nyingine, na mwenye gari akagundua baada ya miezi miwili. Rangi Mbili hakuwahi kuona aibu. Hujibu, "Nani anaziona pande mbili za gari kwa pamoja?"

"Shikamoo mama," alinisalimu.

"Marahaba. Nataka rangi nyeusi kidogo, na puti ya kuzibia mashimo, na msasa ule laini kabisa."

"Mama, umenunua gari!"

"Nimenunua, ila ni dogo, linaingia kwenye mkoba." Nikamtolea kamera.

Alipiga mluzi. "Hii niachie, dakika tano."

"Nikuachie uirudishe ina pande mbili?"

Alicheka mpaka akachuchumaa. Kisha akaacha bonyeo la gari alilokuwa akilinyoosha, akanipimia kila nilichotaka kwenye vikopo, akanipa na kitambaa chake kisafi cha kufungia pua, na hakutaka nimshukuru. "Usiwe na haraka, mama," aliniambia. "Mkono wa kwanza uwe mwepesi, kama unaipungia tu. Usubiri. Wa pili hivyohivyo. Ukiona imelowa inang'aa, ujue umeshazidisha." Jumatano alipita dirishani mara tatu, kila mara akijidai anatafuta kuku wake. Hana kuku.

Nilitandika shuka kuukuu juu ya meza ya jikoni nikaanza. Ngozi ya ubavuni niliibandua kwa spiriti na kisu cha kupakia siagi, polepole, ikatoka nzima. Skrubu nilizipanga kwenye trei ya mayai, kila moja kwenye shimo lake kwa mpangilio wa kuitoa, maana skrubu ya kamera ikikupotea unaweza kufagia nyumba nzima na ya jirani. Nikafungua kifuniko cha juu, nikafungua cha chini. Kioo cha lenzi nilikifunika kwa karatasi ya mviringo niliyoikata kwa kufuatisha kizibo cha dawa ya kikohozi. Rangi ya zamani niliitoa kwa thina na mswaki. Siku nzima ya Jumanne ilikwisha hivyo, na mgongo wangu ukanikumbusha umri wangu, lakini moyoni nilikuwa msichana. Nilikuwa nimerudi kwenye kistuli changu.

Jumatano nikafika kwenye ringi za lenzi.

Ile ringi ya umbali ilikuwa na mikwaruzo. Nilivaa miwani nikaisogeza dirishani. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja mahali fulani. Mbele yake kidogo, mikwaruzo miwili. Mbele zaidi, mitatu. Ilikuwa ya kina, imeingia ndani ya chuma, kingo zake bado kali. Nilisikitika. Niliwaza, mzee wangu siku hizi hatunzi kitu, ameshaikwaruza kwa funguo mkobani.

Mkwaruzo wa ajali haujipangi mmoja, miwili, mitatu. Nimelala na jambo hili mara nyingi tangu wakati ule. Mtoto wa chekechea angeona. Lakini miaka thelathini na miwili mkono wangu umefunzwa kwamba mkwaruzo ni adui, na adui haulizwi amejipangaje. Nilichukua puti kwa ncha ya kijiti, nikajaza. Nikaacha ikauke, nikasugua kwa msasa laini wenye maji, nikapitisha ukucha. Ukucha haukukwama popote. Nilifurahi.

Nikapaka rangi kama nilivyoelekezwa, mwepesi, mwepesi, mwepesi. Vile vifuniko vya chuma nilivitundika kwa waya ndani ya oveni, moto mdogo kabisa, nyumba ikanuka gereji. Alhamisi nikakaa na namba. Namba za ringi zimechongwa kwenye chuma, ndogo kuliko mbegu za nyanya, na weupe wake ulikuwa umekwisha zamani. Nilizijaza rangi nyeupe moja moja kwa brashi yangu ya zamani, nikipangusa ziada kwa kitambaa. Tatu, nne, tano, nane. Kila moja ilipotokea nyeupe juu ya weusi ule nilijiambia, sasa atazisoma bila taabu.

Jioni ile nilipomaliza kufunga skrubu ya mwisho, Rangi Mbili alikuja kuitazama. Aliigeuza, akaichungulia kwenye mwanga, akatafuta kosa la kunitania, akakosa. "Mama," alisema, "njoo tufungue gereji wote. Wewe upande wa kushoto."

Mume wangu alirudi Ijumaa alasiri. Nilimpa maji, nikamwacha apumzike, kisha nikaiweka mikononi mwake.

Alijua kabla ya kuiangalia. Vidole vyake vilisimama kwenye pembe, pale palipokuwa na shaba, vikapita taratibu. "Umeipaka rangi," alisema.

"Ulidhani nitakuacha uende shuleni na kopo?"

Aliisogeza karibu na uso, akaigeuza huku na huku. Kisha kidole gumba cha kulia kikashuka kwenye ringi ya umbali. Kikaizunguka yote. Kikaizunguka tena.

"Na ringi nazo umezipaka?"

"Zote! Na namba nimezijaza, ona. Hata ile mikwaruzo nimeiziba yote, huwezi kujua kama iliwahi kuwepo."

Kidole kilisimama. Nilimtazama usoni, nikingoja. Akatabasamu, akanyoosha mkono akaugusa wangu. "Mkono wako haujazeeka, Mama Kifutio. Imekuwa kama siku niliyoinunua."

Hayo ndiyo aliyosema. Sikuona kitu usoni mwake, au niliona nikakipa jina lingine. Hakuniambia kwamba daktari wa macho amemweleza kuwa kilichokwenda hakirudi. Hakuniambia kwamba kwa karibu mwaka mzima watu kwake ni vivuli na namba ndogo hazipo kabisa. Wala hakuniambia kwamba ile mikwaruzo aliichonga mwenyewe kwa tupa ya kucha, nikiwa sokoni, mmoja wa hatua tatu, miwili ya hatua tano, mitatu ya hatua nane, ili gumba lake lisome kile ambacho jicho halisomi. Ilikuwa siri yake, na kwa siri hiyo angeweza bado kuwa mpiga picha. Nami niliisugua mpaka ukucha haukukwama.

Siku ya shule tulikwenda wote. Jua lilikuwa zuri, la upande. Mwalimu mkuu aliniletea kiti kwa mkono wake mwenyewe akakiweka kivulini, ingawa alikuwa na wageni wa kuwapokea. Walimu walipanga viti mbele ya darasa la kwanza, wafupi wakakaa, warefu wakasimama nyuma. Mpishi alitaka kusimama pembeni kwa sababu ya aproni yake, wakamvuta katikati.

Mume wangu alipendeza. Alikuwa na koti lake la kijivu, na kamera kifuani inang'aa, na nilimsikia mwalimu mmoja kijana akisema, "Mzee ana mashine mpya!" Nilijinyoosha kitini. Nilijiona nimelipiga lile neno jalalani likafa.

Alisimama mbele ya safu akawatania kidogo, kama zamani. "Mwalimu wa hesabu ni nani? Anisaidie kuhesabu, mimi niliishia nane." Walicheka. Akageuka akaanza kutembea kwenda nyuma. Moja, mbili, tatu. Hatua zake zilikuwa sawasawa. Ya nane akasimama, akageuka, akainua kamera.

Ringi ya mwanga hulia tik, tik, ukiizungusha unaweza kuzihesabu tiki zake kutoka mwanzo. Nilimwona anaihesabu, midomo ikitikisika. Kisha akahamia ringi ya umbali. Hii hailii. Huteleza kimya. Gumba lake likaizunguka, likarudi, likaizunguka tena polepole, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye chumba alicholala miaka yote na leo ukuta umekuwa mtupu.

Hapo nikaelewa. Sikuelezwa na mtu. Niliona gumba linatafuta, nikajua linatafuta nini, na nikajua kilikuwa wapi. Mmoja, miwili, mitatu.

Miwani yangu ilikuwa shingoni. Kutoka kwenye kiti mpaka alipokuwa zilikuwa hatua kumi na tano, labda. Ningeinuka, ningefika, ningeisoma ile nane nyeupe niliyoijaza kwa mkono wangu, ningeiweka mahali pake. Ningemaliza kwa muda wa kupiga chafya.

Sikuinuka. Niliwaza, nikienda sasa watu ishirini na mmoja watajua kwamba Mzee Picha haoni. Watamwonea huruma. Watamcheka wakifika ofisini. Nilikuwa nimefanya kazi siku nne asichekwe. Nilikaza mkoba wangu mapajani, nikaomba Mungu gumba libahatishe.

"Mzee, jua linatuchoma!" mtu mmoja alisema kwa utani.

"Tabasamuni," mume wangu akajibu, na akapiga. Alipiga mara nyingi, akisogeza ringi kidogo kila mara, akibahatisha. Walimu walidhani ni umakini wake.

Filamu tuliipeleka mjini kwa kijana anayezisafisha, kwa maana chumba chetu cha giza siku hizi ni stoo ya mkaa. Ilichukua siku tisa. Bahasha nilikwenda kuichukua mimi, nikaifungua nikiwa bado nimesimama dukani. Ukuta wa darasa la kwanza ulionekana vizuri kwenye picha moja, kila tofali. Mbele yake kulikuwa na madoa ya rangi yenye umbo la watu. Nyuso zilikuwa zimeyeyuka kama sabuni iliyosahaulika majini. Nyingine zote zilikuwa mbaya kuliko hiyo. Yule kijana aliniangalia akasema pole, hakutaka nilipe. Nilijua angemlipisha mtu mwingine yeyote.

Nyumbani mume wangu hakuzishika zile picha. Aliuliza tu, "Hata moja?"

"Hata moja."

"Tuseme filamu ilikuwa imeoza?" nikamshauri. "Filamu siku hizi hukaa sana dukani."

Nilitegemea atakubali. Akainuka akaanza kutafuta koti lake. "Twende kwa mwalimu," alisema.

Mwalimu mkuu alikuwa akipanga vitabu kwenye maboksi sebuleni kwake. Alitusafishia viti viwili, akaenda kuwasha jiko la chai. Aliporudi mume wangu alikuwa bado amesimama.

"Mwalimu, picha zako hazikutoka. Macho yangu hayaoni. Karibu mwaka sasa. Nilitakiwa nikwambie siku ile ulipokuja nyumbani, sikukwambia."

Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. Nilishika pembe ya kiti. Lile nililoliogopa, nililolizuia kwa kukaa kwangu kivulini, ndilo hilo limeshatoka, na chumba kilikuwa kile kile. Hakuna aliyecheka.

"Pole sana, mzee wangu," mwalimu mkuu alisema, akamshika kiwiko akamkalisha. "Kwa nini hukusema? Si tungekusomea namba? Walimu kumi na tisa, wote kazi yao ni kusoma kwa sauti."

Mume wangu akacheka. Akacheka kweli, mabega yakitikisika. "Kweli bwana," alisema. "Nilikuwa na watu wa kusoma tele."

Akauliza kama wanaweza kukusanyika tena, siku yoyote, angerudi. Mwalimu mkuu akaangalia maboksi yake. Shule imefungwa, alisema taratibu. Wawili wamehamishwa, wameshasafiri. Mpishi amerudi kwao. Mlinzi naye hajulikani alipo. "Lakini ninazo za simu," akaongeza haraka, kwa wema, na mara nikaona amejuta kulisema.

"Basi utakuwa na elfu mbili na kitu," mume wangu akamjibu, ili asijute.

Tulikunywa chai. Mwalimu aliomba apewe ile yenye ukuta. Alisema amefundisha miaka thelathini na saba mbele ya ukuta ule, na hajawahi kuuona vizuri kiasi hicho.

Tulirudi kwa miguu. Mume wangu alinishika mkono juu ya kiwiko, waziwazi, maana sasa hakukuwa na la kuficha. Tulipopita duka la viatu nikamwambia.

"Alama zako nilizijaza mimi."

"Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi sana. Nikasema nitahesabu vinginevyo. Nilidhani nitaweza."

Tulitembea kidogo. Ningeweza kuishia hapo. Angenisamehe lile, na kwa kweli alikuwa ameshanisamehe. Lakini kulikuwa na la pili, na hilo nilikuwa nalo tangu shuleni.

"Na pale shuleni niliona," nikasema. "Ulipokuwa unaitafuta kwa gumba. Nilielewa pale pale. Nikakaa."

Hakusimama, lakini hatua zake zikapotea mpangilio. Nilisikia.

"Uliona?"

"Niliona. Niliogopa watakujua."

Tulipita nyumba mbili, tatu. Mimi sikuthubutu kumtazama.

"Ungekuja tu," alisema mwishowe. "Ungetoa leso, ukajifanya unanifuta jasho. Ungeigeuza ringi hapo hapo. Nani angejua?"

Leso ilikuwa kwenye mkoba ule ule nilioukaza mapajani. Wazo hilo halikunijia. Mtu aliyefuta nyuso za watu maisha yake yote, na siku moja alipohitajika kuufuta uso mmoja tu, halikumjia.

"Sikulifikiria," nikasema.

"Najua," alisema.

Barabara ya kwetu imejaa mashimo na mvua ilikuwa imenyesha. Nilimwelekeza, kushoto, sasa ruka, sasa polepole. Hakuuachia mkono wangu mpaka mlangoni. Nami nilikuwa nikijiuliza njia nzima kama ananishika kwa kuwa yamekwisha, au kwa kuwa kuna mashimo. Sikumwuliza.